Nobel ya fizikia haiombwi

Ndugu yangu, umeuliza profesa wako ajaze fomu gani ili aingie kwenye Nobel ya fizikia. Hakuna, na anayejipendekeza mwenyewe hahesabiwi. Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Sweden huwaalika watu maalumu, wakiwemo wanachama wake, washindi wa zamani na baadhi ya maprofesa, wataje majina kabla ya Januari kwisha. Kamati huchuja, wanachama hupiga kura Oktoba. Washindi hawazidi watatu, na hapo ndipo manung'uniko huanzia, maana ugunduzi mmoja siku hizi huwa na mamia ya mikono. Majina ya waliopendekezwa hufichwa miaka 50, kwa hiyo akiambiwa “umependekezwa”, asikimbilie kusherehekea. Achapishe kazi yake, ahudhurie makongamano, wenye haki ya kupendekeza wamjue.