Hedhi kuchelewa siku 12 si lazima iwe mimba

Dada yangu, umeuliza kama hedhi kuchelewa siku 12 ni mimba tu. Hapana, ila anza na hilo. Nunua kipimo cha mkojo farmasi, upime asubuhi kabla ya kunywa chochote. Kikionyesha mstari mmoja, yaani hakuna mimba, rudia baada ya wiki moja, maana yai likichelewa kutoka, kipimo cha kwanza kinaweza kukosea.

Mimi mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo, karibu na Goma, ilipolipuka mwezi wa 5, tulikimbilia Sake na magodoro kichwani. Tulilala chini, tunakula mara moja kwa siku. Nilikaa miezi miwili bila kuona damu, na mimba haikuwepo. Hofu, kukosa usingizi na kupungua uzito huchelewesha yai, na hedhi inafuata. Sisi wa Goma tunalijua hilo mwilini.

Halafu kuna sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba. Hata ukiiacha, hedhi inaweza kuchukua miezi mingi kurudi. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba nacho huisogeza kwa siku kadhaa. Kunyonyesha pia huchelewesha hedhi, na matatizo ya tezi ya shingo vilevile.

Usisubiri ukisikia maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu au damu kidogo kidogo: nenda hospitali leo leo, mimba inaweza kuwa imekaa nje ya mfuko wa uzazi. Na ikifika miezi mitatu bila hedhi, muone daktari hata kama huumwi.