Kufundisha sakiti za umeme kwa michoro ya karatasi inayowaka

Mwalimu mwenzangu wa Mafinga, umeuliza utafundishaje sakiti, yaani njia ambayo umeme unazunguka, kwa watoto 70 wakati maabara hamna na nyaya ni za kuokoteza. Mimi nafundisha sayansi huku Tukuyu, hili nimeshalifanya na madarasa matatu. Achana na nyaya, wape karatasi.

Kila kundi nalikabidhi kipande cha manila, foili ya jikoni iliyokatwa vipande vya upana wa sentimita moja, LED (vile vitaa vidogo vyenye miguu miwili) mbili tatu, na betri moja bapa ya volti 3, ile CR2032 iliyo kama sarafu. LED tunazitoa kwenye tochi mbovu wanazoleta watoto wenyewe, nyekundu nanunua kwa fundi redio. Wenzetu hutumia utepe wa shaba na stika zenye LED, kama zile alizobuni Jie Qi alipokuwa chuo kikuu cha MIT huko Marekani. Foili inatosha kabisa.

Mtoto anachora picha, kisha anachora njia ya umeme kwa penseli, ndipo anabandika foili juu ya mstari. Ule mchoro wa kitabuni wanaoukariri bila kuuelewa, hapa wanaupitia kwa kidole kutoka chanya hadi hasi. Isipowaka, kosa liko mezani mbele yao.

Siku ya kwanza nilikuwa na makundi tisa, yakawaka mawili. Watoto walikuwa wamepaka gundi kwenye maungio ya foili, na gundi haipitishi umeme. Tangu hapo nasisitiza kipande kimoja kisichokatwa toka betri hadi mguu wa LED: kwenye kona kunja, usiunge. Mguu wa LED uvingirishe kwenye foili, kandamiza kwa kucha, halafu selotepu ipite juu. Mguu mrefu ndio chanya. LED za tochi mara nyingi miguu imeshakatwa, kwa hiyo ikigoma igeuze tu.

Kuna kundi lilichora mitumbwi ya kuvua usipa usiku pale Matema, Ziwa Nyasa, kila mtumbwi na taa yake: mbili nyekundu, moja nyeupe, zote sambamba, yaani kila moja na njia yake kwenye betri ile ile. Mvua ilikuwa imelitia darasa giza, nyekundu zikang'aa vizuri, nyeupe ikakataa. Wakaigeuza, wakabadilisha betri, wapi. Nilijizuia kusema, na kwa kweli ni vigumu kujizuia. Binti mmoja akang'oa nyekundu moja, bado. Akang'oa ya pili, nyeupe ikawaka. Akaniambia, "Mwalimu, nyekundu zinakula zote." Ndivyo hasa. Nyekundu hutosheka na kama volti 2, nyeupe huhitaji karibu 3. Zikiwa sambamba, nyekundu huishusha volti ya betri, na umeme karibu wote unapita kwao. Ningelieleza ubaoni, nani angelikumbuka? Kwa hiyo kipindi cha kwanza wape rangi moja, cha pili changanya makusudi.

Mfululizo nao, yaani LED zikifuatana kwenye njia moja, unafundishika hapo hapo: nyekundu mbili kwa betri moja haziwaki, maana zinataka kama volti 4.

Sasa hili lisome mara mbili. Betri bapa zihesabu ukizigawa na uzihesabu ukizikusanya. Mtoto akimeza moja inaweza kumuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili tu; ni hospitali moja kwa moja, hakuna kusubiri nyumbani. Madarasa ya chini mimi siwapi kabisa. Hao natumia betri mbili za tochi zilizofungwa kwenye kasha lake, na rezista (kidude cha kupunguza umeme) ya ohm 100 kwa kila LED, kwa sababu betri hizo zinatoa umeme mwingi kuliko LED nyekundu inavyoweza kuhimili.

Fundi wa hapo Mafinga akikosa LED nyekundu, niandikie idadi unayotaka. Nitazipandisha kwenye basi la Mbeya, kutoka hapo zitakufikia.