Trela inayoelea na pikipiki ya magurudumu manne

Umeuliza kwa nini trela yako ikifika majini huinua nyuma ya pikipiki hadi matairi yakateleza. Mzigo umekaa nyuma mno: trela ikianza kuelea, mkono wake wa kuvutia husukuma juu ndoano ya pikipiki. Weka vizito chini, mbele kidogo ya ekseli, mkono ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Usizidishe, pua ya trela itazama. Vizibo vya kutolea maji vifungwe ukiwa bado nchi kavu.

Na beringi za magurudumu ya trela, tafadhali sana! Kabla ya kuingia majini, simama zipoe kwanza. Zikiingia majini zikiwa moto, hewa ya ndani husinyaa ghafla na kufyonza maji yenye mchanga kupitia sili, yaani mipira ya kuzuia maji. Ukitoka, pampu grisi mpya mpaka ile chafu iishe.