ID. Polo au ID.3? Kwanza niambie gari lako litalala wapi

Mdogo wangu anayeishi Hamburg alinipigia simu mwezi uliopita, sauti yake ya mtu aliyeamka na jambo siku tatu mfululizo. “Kaka, gari langu la petroli limechoka. Nisubiri ile ID. Polo inayokuja, au nichukue ID.3 kama yako?” Nikamuuliza gari lake huwa linalala wapi. Akadhani namkwepa. Simkwepi. Nimeendesha gari la umeme hapa Leipzig miaka mitatu sasa, na kama ningeulizwa swali hilo kabla ya kulipa senti ya kwanza, ningejiokoa na mahangaiko mengi.

Kwa asiyeyajua magari haya, ID.3 ni gari la umeme la Volkswagen lililoonyeshwa kwanza Frankfurt mwaka 2019, likaanza kukabidhiwa wateja 2020, na linaundwa Zwickau, mji ulio jirani na hapa kwetu. Jipya, mwaka 2025, lilianzia takriban euro 33,000. ID. Polo ni mdogo wake. Lilianza kama gari la mfano lililoitwa ID.2all, likaonyeshwa Hamburg Machi 2023 kwa ahadi ya bei ya kuanzia chini ya euro 25,000, na mwaka 2025 likapewa jina hili la Polo ambalo kila mtu Ulaya analijua. Litaundwa Martorell, Hispania, na mauzo yamepangwa kuanza 2026. Ndugu zake wa tumbo moja ni Cupra Raval, Škoda Epiq na ID. Cross, hivyo ukisikia majina hayo, ujue chini ya bodi yanachangia mengi.

Tofauti ya euro 8,000 si mchezo. Kwetu sisi tunaotuma pesa nyumbani kila mwezi, hiyo ni ada ya shule ya watoto kadhaa. Kwa hiyo lazima uelewe unazilipia nini.

Sehemu kubwa unalipia betri. Gari la umeme ukilivua mapambo ni betri yenye magurudumu, na kila kilowati-saa (kipimo cha umeme ambao betri inabeba) unayoongeza inaongeza bei na uzito. ID. Polo limetangazwa kwa betri mbili, ya kilowati-saa 37 na ya 52. ID.3 za mkono wa pili utakazokutana nazo mara nyingi zina 58 au 77, na hizi mpya hufika 79. Kiwandani wanasema ID. Polo lenye betri kubwa litafika kilomita 450 hivi kwa chaji moja. Namba hiyo iheshimu, lakini usiitumie kupanga safari. Hupimwa kwa mwendo wa wastani na hali ya hewa ya upole, na Januari ya Ujerumani haina upole.

Nakupa hesabu ninayoitumia mwenyewe. Mjini wakati wa kiangazi gari langu hula kilowati-saa 15 kwa kilomita 100. Kwenye Autobahn, barabara kuu ya mwendo kasi, wakati wa baridi, kilomita 120 kwa saa, joto la ndani limewashwa na watoto nyuma, hula 22. Tuseme Polo, kwa udogo wake, litakula 21. Sasa chukua safari ya kutoka Leipzig hadi Hamburg, karibu kilomita 395. Unaondoka na chaji kamili, unasimama ikibaki asilimia 10, unachaji mpaka 80 kwa sababu baada ya hapo mashine hupunguza kasi ya kuchaji, kisha unaendelea. Betri ya 58 inakupeleka kilomita 237 kabla ya kusimama, halafu 185 nyingine. Umefika kwa kusimama mara moja. Betri ya 52 inakupa 223, kisha 173. Umefika pia kwa kusimama mara moja, ila unaingia Hamburg macho yote yakiwa kwenye kipimo cha chaji. Betri ya 37 inakupa 158, kisha 123, kisha 123 tena. Umesimama mara mbili, na kila kituo ni nusu saa hivi.

Mdogo wangu alipoona hesabu hiyo akasema, “Basi ID.3.” Nikamwambia ngoja. Mwaka jana ulikuja Leipzig mara ngapi? Mara mbili, Pasaka na Krismasi. Siku nyingine zote gari lako linakwenda kazini Wandsbek na kurudi, kilomita 30. Unataka kulipa maelfu ya euro, na kuburuta betri nzito mwaka mzima, kwa ajili ya nusu saa chache za kunywa chai njiani?

Hapo ndipo swali la kulala linapoingia. Mimi nilinunua gari langu nikiwa nimepanga nyumba isiyo na maegesho. Niliamini vituo vya barabarani vingenitosha. Usiku mmoja wa Februari nilifika kituo nilichokizoea nikiwa na asilimia 9, mtoto amelala nyuma, theluji inaanguka. Mashine ya kwanza ilikuwa imezimika. Ya pili ilikataa kadi yangu, na simu ya huduma kwa wateja ililia bila kupokewa. Kituo kingine kilikuwa kilomita 6 mbele, foleni ya magari matatu. Nilifika nyumbani saa tano usiku. Gari halikuwa na kosa lolote. Nilichokosa ni soketi ya kwangu.

Miezi minne baadaye tulihamia nyumba yenye ua na soketi ya kawaida ukutani, na maisha yakageuka. Soketi ya kawaida hutoa takriban kilowati 2.3. Kwa saa kumi za usiku, ukitoa kinachopotea njiani, unaamka na kilowati-saa 20, yaani zaidi ya kilomita 100. Mimi kazini ni kilomita 46 kwenda na kurudi. Tangu siku hiyo sijali betri ina ukubwa gani, kwa sababu kila asubuhi imejaa kadiri ninavyotaka. (Mwite fundi umeme aikague hiyo soketi kwanza. Nyaya za nyumba za zamani hazikuwekwa ili zibebe mzigo huo usiku kucha.)

Na fedha zinafuata hapohapo. Umeme wa nyumbani nalipa senti 32 kwa kilowati-saa. Kwenye mashine za haraka za Autobahn nimelipa senti 60 na zaidi. Kwa matumizi ya 17 kwa kilomita 100, nyumbani ni euro 5 na senti 44, njiani ni euro 10 na senti 20. Gari langu la zamani la petroli lilikuwa linakula kama euro 12. Anayechaji njiani kila siku karibu hajaokoa kitu, na anaongeza usumbufu.

Kwa hiyo, kabla hujaenda kuangalia gari lolote, nenda kwa mwenye nyumba. Tangu Desemba 2020 sheria ya hapa Ujerumani inampa mpangaji haki ya kuomba ruhusa ya kuwekewa sehemu ya kuchajia, na mwenye nyumba hawezi kukataa hivihivi tu. Gharama kwa kawaida ni zako. Wabongo wengi ninaowafahamu hawaijui haki hii, wanaogopa hata kuuliza. Ulizeni, tena kwa maandishi.

Ukishakuwa na pa kuchajia, Polo linaanza kung'aa. Buti lake ni zaidi ya lita 430, wakati la ID.3 ni 385. Ndiyo, mdogo ana buti kubwa kuliko kaka yake, kwa sababu mota ya Polo iko mbele na inaendesha magurudumu ya mbele, hivyo chini ya sakafu ya nyuma panabaki shimo la kuwekea mizigo. Mota ya ID.3 iko nyuma. Faida ya mpango huo utaionja kwenye vichochoro, maana magurudumu ya mbele yasiyobeba mota hukunja sana. Mke wangu huligeuza gari letu kwenye barabara nyembamba ambayo shemeji yangu na gari lake dogo hurudi nyuma mara mbili.

Vitufe pia vimerudi. ID.3 za mwanzo zina sehemu za kugusa na kutelezesha kidole kwa ajili ya joto na sauti, na hata vioo vya milango ya nyuma vinafunguliwa kwa swichi zilezile za mbele baada ya kubadilisha. Mimi nimezoea. Lakini ID. Polo wamelirudishia vitufe vya kubonyeza kwenye usukani na chini ya skrini, na swichi nne za vioo vinne. Kwa mtu anayeendesha macho yakiwa barabarani, hilo ni jambo la usalama, na nalifurahia kwa dhati.

Unachopoteza ni miguu ya walio nyuma. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kwenye ID.3 ni mita 2.77, kwenye Polo 2.60. Sentimita 17 hizo utazihisi kwenye magoti. Ukiwa na kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, na wewe ni mrefu kama mdogo wangu, beba kiti hicho ukakipime mwenyewe. Usikubali kuambiwa tu.

Kuna jambo moja kuhusu ile betri ndogo ya 37 ambalo watu hulipita haraka. Imetengenezwa kwa lithiamu, chuma na fosfeti. Aina hiyo huvumilia kuchajiwa mpaka asilimia 100 kila siku. Ile ya 52, kama ya ID.3 yangu, ina nikeli, manganizi na kobalti, nayo ni vyema kuiishia 80 kwenye matumizi ya kila siku. Kwa hiyo pengo la matumizi ya kila siku kati yao ni dogo kuliko namba zinavyoonyesha: 37 kamili dhidi ya 41 au 42. Upande wa pili, hiyo ya chuma huchaji polepole zaidi ikiwa imeganda kwa baridi. Na kobalti, wengi wetu tunajua inatoka wapi. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, Lualaba na Haut-Katanga, kwa watu wanaoongea Kiswahili hikihiki. Mwenzangu kazini ni mtu wa Kolwezi, na tangu anisimulie vijana wa kwao wanavyoingia mashimoni kwa mikono, betri isiyo na kobalti ina uzito mwingine moyoni mwangu.

Sasa ushauri wangu bila kuzunguka. Una soketi ya kwako, safari ndefu chache, watoto wawili au chini ya hapo: subiri Polo. La 52 kama unatoka nje ya mji kila mwezi, la 37 kama hutoki. Huna soketi na mwenye nyumba amekataa, au kazi yako ni ya Autobahn kila wiki: chukua ID.3, lakini si jipya. Langu nililinunua likiwa na miaka miwili kwa euro 21,500, pungufu ya bei hiyo ya Polo jipya. Betri ina dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, ikishuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake, kwa hiyo hesabu miaka iliyobaki, na mwombe muuzaji cheti cha kipimo cha afya ya betri. Akisita kukitoa, ondoka.

Na wanaoniuliza kama watalipeleka Dar wakishalichoka: magari ya huku usukani uko kushoto. Lisiwe sababu ya kununua.

Mdogo wangu ameshaandika barua kwa mwenye nyumba wake. Jibu likija la kukubali, atavumilia na petroli yake mpaka Polo lifike. Likija la kukataa, kuna ID.3 ya kijivu tumeiona Lüneburg, ya 2022, na Jumamosi ya pili ya mwezi ujao nitapanda kwenda kuiangalia naye, na kiti cha mtoto kwenye buti.