Jibu: Bajeti ya kaunti imewekwa kama picha, nitapataje takwimu za wadi yetu?

Salamu ndugu. Umeuliza utakavyopata takwimu za fedha zilizotengewa wadi yako ilhali tovuti ya kaunti imeweka bajeti kama kurasa zilizopigwa picha. Kwanza jaribu kunakili (copy) tarakimu moja kwenye faili hilo: ikikubali, faili lina maandishi na kazi ni nyepesi, ikikataa, usiichape bajeti upya kwa mkono, kwa maana sufuri moja ikipotea hesabu yote huharibika. Mwandikie afisa wa habari wa kaunti ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya 2016, na uombe waziwazi jedwali lenyewe la Excel, kwa sababu kwa kawaida hati kama hiyo huandaliwa kwenye jedwali kabla ya kupigwa mhuri na kupitishwa kwenye skana. Nimeona ombi lisilotaja aina ya faili likijibiwa kwa picha zilezile. Hulazimiki kueleza sababu ya kuomba. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosimamia sheria hiyo. Ukisubiri, soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinazoonyesha matumizi ya kila kaunti kwa idara.