ULIZA MWALIMU: Rangi ‘fast’ haikimbii

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Nina duka la vikoi na leso Langoni, Lamu. Juzi kaingia mgeni Mwingereza, mama mtu mzima, kashika kikoi akaniuliza ‘is the colour fast?’ Mimi ‘fast’ naijua ni haraka, sasa rangi ya haraka ndo rangi gani? Nikamwita mpwa wangu, baharia kwenye mashua za watalii, naye ati wao ‘make fast’ ni kufunga kamba jetini. Binti yangu wa sekondari akadakia, la, ‘fast’ ni kufunga Ramadhani. Kila mtu na yake na kastoma kasimama ananitizama. Hebu tufafanulie, neno moja wanalibebesha mizigo mingapi hawa watu? – *Mama Vikoi, Lamu*

JIBU: Waaleikum salaam Mama Vikoi. Nyote watatu mko sawa, na mgeni wako pia yuko sawa. Yeye alitaka kujua kitu kimoja tu, kikoi kinachuja au hakichuji, manake akikifua pamoja na shati lake jeupe asije akatoka na shati la samawati. Akirudi, na kama kikoi chenyewe ni cha kuaminika, mwambie ‘yes, it won't run’. Na hapo ndo utacheka, kwa sababu nguo ikichuja Waingereza wanasema rangi ime-‘run’, yani imekimbia, kwa hivo rangi iliyo ‘fast’ ni ile isiyokimbia!

Sasa hii vurugu imetoka wapi. Kiingereza cha kale, kile cha kabla Wanormani hawajavuka bahari kuja kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno lilikuwa ‘fæst’ na maana yake ilikuwa imara, kilichoshika, kisichotikisika. Haraka haikuwepo kabisa mwanzoni. Ndugu zao Wajerumani mpaka leo ‘fest’ yao ni imara, wala hawakuipeleka kwenye mbio. Kwa hivo mpwa wako na kamba zake ndo yuko karibu zaidi na shina la neno, na mgeni wako na rangi yake yuko hapohapo, rangi imeshika kwenye uzi haiachii. Mtu aliyelala ‘fast asleep’ usingizi umemshika barabara. Mashua iliyopanda fungu la mchanga maji yakaitoka ni ‘stuck fast’, na hiyo hata ukiwasha injini mbili haina haraka yoyote, ngoja maji yajae.

Ya binti yako nayo inatoka shina hilohilo. Kufunga saumu kwao kulianza na wazo la kujishika, kuishika amri usiiachie, na Wajerumani vilevile kufunga wanasema ‘fasten’. Sisi huku hatukukaa nao kikao lakini tukafika palepale, maana kamba tunafunga na Ramadhani tunafunga, kitenzi ni kimoja. Hata jioni tunafungua, na wao wanavunja, ‘break’ na ‘fast’, ndo ikaja ‘breakfast’, chai ya asubuhi unayokunywa kila siku bila kufikiria kwamba umevunja saumu ya usiku. Waarabu wengi nao chakula cha asubuhi wanakiita fatur, na ukiisikiliza vizuri iko mlango mmoja na futari yetu.

Imebaki haraka, na hii ndo watu wengi hawaielewi, vipi neno la kutotikisika likaishia kwenye mbio? Mimi naona Mswahili hana haja ya kuchoka hapa, aangalie kukaza. Unakaza kamba, unakaza skrubu, halafu nahodha anakwambia kaza mwendo! Kukaza ni kutia nguvu bila kulegeza, ukitia nguvu kwenye fundo linashika, ukitia nguvu kwenye miguu unakimbia. Na ‘fast’ ilipita njia hiyo, kutoka kushika kwa nguvu, ikawa kufanya jambo kwa nguvu, ikawa kukimbia kwa nguvu, mwisho ikawa haraka, na leo haraka imewameza wenzake wote mpaka wewe na duka lako hukuijua nyingine.

Namna ya kuzitenganisha ukiwa na kastoma mbele: tizama kitenzi kilicho jirani. Kama ni cha mwendo, kwenda, kukimbia, kuendesha, basi ni haraka. Kama ni cha kushika, kufunga, kusimama, kukwama, kulala, basi ni imara. Ikiwa yenyewe ndo kitenzi, ‘I am fasting’, huyo usimkaribishe kahawa. Saa nayo ikiwa ‘fast’ inakwenda mbele, hiyo ikariri tu.

SWALI: Mwalimu, naskia kuna neno la Kiingereza lina maana zaidi ya mia sita. Ni kweli ama ni stori za mitandaoni? – *Kijana wa Bichi, Malindi*

JIBU: Ni kweli kijana wangu, na ni hiyohiyo ‘run’ ya kwenye kikoi. Kamusi kubwa ya Oxford wamehesabu maana 645 za kitenzi hicho peke yake. Zamani bingwa alikuwa ‘set’, kwenye toleo la 1989 kilikuwa na maana kama 430. Lakini usiingiwe na hofu ukadhani kuna mtu kazibeba zote kichwani, watunzi wa kamusi kazi yao ni kupasua unywele, wanatenga pua inayotiririka na mto unaotiririka, injini inayozunguka, hoteli inayoendeshwa, na mheshimiwa anayegombea kiti. Wewe mwenyewe unapiga simu, unapiga pasi, unapiga mbizi, unapiga makasia, unapiga kura, na sijawahi kukuona umechanganyikiwa.

Ila usichanganye na ‘bark’, ya mbwa kubweka na ya gome la mti, hizo zimekutana kwenye matamshi tu kama kaa wa mikokoni na kaa la moto.

SWALI: Ticha amenikata maksi kwa kuandika ‘he ran fastly’. Si ‘slowly’ ipo? – *Kidato cha Pili, Malindi*

JIBU: Amekukata kihalali mwanangu. ‘Fast’ haibadiliki, iwe ni gari au ni namna linavyokwenda. Andika ‘he ran fast’, na kama unaitamani sana hiyo ‘-ly’, tumia ‘quickly’.