Baraza la wanafunzi wa sekondari msingi lipewe maamuzi gani?

SWALI: Ninafundisha Gredi ya 8 katika shule ya umma nchini Kenya. Tulichagua baraza la wanafunzi kwa kura, lakini hadi sasa kazi yake ni kuandika majina ya wapiga kelele na kusimamia usafi. Walimu wenzangu wanahofu kwamba tukiwashirikisha wanafunzi zaidi ya hapo, heshima itapotea. Tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, mlio nao ni viranja waliopigiwa kura. Mwanafunzi anayepeleka majina ya wenzake ofisini hawezi kuaminiwa na wenzake hao kubeba malalamiko yao, kwa hiyo kwanza tenganisheni kazi hizo mbili: nidhamu ibaki kwa mwalimu wa zamu na viranja wake, nalo baraza lishughulikie maamuzi.

Kabla ya baraza kukutana tena, walimu mkubaliane ninyi kwa ninyi ni mambo gani wanafunzi watajiamulia, kama vile shughuli za vyama vyao. Yapi mtaamua pamoja, kama kanuni za darasa na zamu za kutumia maktaba. Na yapi mtasikiliza maoni yao huku uamuzi ukibaki kwa shule, kama matumizi ya fedha. Hofu ya wenzako ina msingi pale tu mipaka hii isipotajwa. Roger Hart, aliyeandika kuhusu jambo hili kwa ajili ya UNICEF mwaka 1992, alieleza ushiriki wa watoto kwa mfano wa ngazi yenye vipago 8, na vitatu vya chini, kikiwemo kile cha mtoto kupewa kiti ili aonekane tu, hakuvihesabu kuwa ushiriki. Watoto wa miaka 13 hukitambua kiti cha namna hiyo upesi sana.

Kikao kiwekwe ndani ya ratiba, kipindi kimoja cha dakika 40 kila wiki mbili, na wawakilishi wawili kutoka kila mkondo. Mwanafunzi aongoze na mwingine aandike kumbukumbu, huku mwalimu mlezi akiketi kando. Kila pendekezo lijibiwe kwa maandishi kabla ya kikao kinachofuata, na likikataliwa, sababu itajwe waziwazi. Kwangu hili ndilo kanuni isiyopaswa kulegezwa, kwa kuwa mwanafunzi huweza kuipokea "hapana" yenye sababu, lakini kimya humfundisha kwamba alialikwa bure.

Kwa kuwa tangu 2023 sekondari msingi imewekwa ndani ya shule za msingi, chini ya mwalimu mkuu wa shule hizo, idhini yake itafutwe mapema; bila hiyo mtakubaliana na wanafunzi mambo ambayo hamna uwezo wa kuyatekeleza. Mkumbushe kwa heshima kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imempa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya usimamizi. Kisha mwombeni muhula mmoja wa majaribio, mkianza na kanuni za darasa lako.